Sitaki Mkalimani

9 Januari

Mke mwenzangu,

Marahaba, maana najua ungeanza kwa kuniamkia. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kustaafu bila kunipa taarifa. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi ulipopiga simu nilisikia nzi tu, nikawa nasema "nashukuru" kila nzi waliponyamaza. Kama uliniuliza jambo la maana nikakushukuru, basi uliza tena, lakini kwa barua, na uandike herufi kubwa.

Huku ni salama. Paka wa jirani amezalia tena kwenye kapu langu la nguo. Mume wetu marehemu bado hajanitokea hata ndotoni. Kama anakuja kwako, sema tu, nijue wapi pa kupeleka malalamiko yangu.

Baba yako alikuja Jumapili. Mwanangu huyo siku hizi akija haketi. Alizunguka vyumba vyote, akafungua madirisha akayafunga, kisha akasimama jikoni muda mrefu kuliko mtu aliyefuata maji ya kunywa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Yule mwenye duka la steshenari mtaani kwetu amefunga duka. Tangu nistaafu ndiye niliyekuwa nampigia taipu barua za wateja wake, na siku ya kufunga akaniletea kompyuta yake ya zamani, akaiweka mezani kando ya mashine yangu ya taipu. Inawaka. Nataka kuandika programu. Sisemi kuandika barua ndani yake, hilo halinishindi. Nasema programu, kama zile unazoandika wewe ukalipwa mshahara. Nifundishe. Ya nini, usiniulize.

Mke mwenzako mkubwa


2 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na kona moja imelowa, lakini herufi zote zilikuwa hai. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani, na kazini nimepewa meza inayotazama ukuta pia, kwa hiyo nimeshakuwa mtaalamu wa kuta. Mume wetu hajanitokea. Nadhani anatukwepa sote wawili.

Nimecheka kwa furaha kusikia habari ya kompyuta, na ofisini nimewasimulia wenzangu wote. Nikueleze kwa ufupi. Lugha za programu ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ina mkalimani. Unaandika maneno yako, na kila programu inapoendeshwa yeye anasimama katikati, anaisomea mashine mstari mmoja mmoja na kuitafsiria. Aina ya pili ina kompaila. Huyu anasoma kazi yako yote kwanza. Akiona kosa anakataa, wala hakubembelezi. Akiridhika anaigeuza yote kuwa lugha ya mashine, na baada ya hapo hahitajiki tena. Programu inasimama yenyewe.

Kwa mtu wa umri wako nakushauri ya mkalimani. Ni mpole, na makosa hayaumizi kichwa. Au pengine tuanze na michezo, humo ndani kuna karata nzuri sana za kupitishia muda. Baba pia amenipigia simu, anakusalimu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Mjukuu wako


20 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Ni mzima, paka ni wazima, wamefumbua macho.

Umri wangu umekukosea nini? Nimepiga taipu katika ofisi moja tangu nikiwa msichana mpaka nikaagwa kwa keki. Mabosi sita walipita pale, kila mmoja akiamini barua zake alizitunga yeye. Karata cheza wewe unayetazama kuta. Muda wangu haunihitaji kuupitisha, unapita wenyewe na kwa kasi.

Na kuhusu mkalimani, ninao wa kutosha. Nikisema nimechoka, baba yako anawatafsiria watu kwamba mama anaumwa. Nikinyamaza, mama amekasirika. Nikicheka peke yangu na gazeti, mama ameanza. Kila neno langu linapita mdomoni mwa mtu kabla halijafika. Sitaki mkalimani mwingine nyumba hii. Niletee huyo wa pili, huyo mkali, asiyejua mimi ni mama wa nani wala nina miaka mingapi. Akinikatalia nijue nimekosea kweli. Akinikubalia nijue nimepata kweli, wala si kwa kuonewa huruma.

Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu. Tuma hiyo kompaila.

Mkubwa wako


15 Machi

Bibi,

Shikamoo, na samahani. Nimesoma barua yako nimesimama.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Kwa kuwa huna intaneti, nimeweka kila kitu humo. Kuna folda yenye kompaila ya lugha iitwayo C, na kitabu kidogo cha mafunzo nilichokuandikia mwenyewe kwa Kiswahili. Chomeka flashi, nakili folda nzima uiweke kwenye diski ya kompyuta yako, kisha ubofye jina nililolipigia mstari. C ni lugha ya zamani na haina mchezo. Nadhani mtaelewana.

Sasa lingine. Baba amepiga tena. Amesema uliacha sufuria jikoni ikaungua mpaka moshi ukatoka dirishani, na jirani ndiye aliyeingia kuzima jiko. Amesema shule zikifungwa katikati ya mwaka atakuja na lori akuhamishie kwake, na nyumba yako itatafutiwa mpangaji. Amesema mambo mengine pia. Je, ni kweli habari ya sufuria?

Hapa kwangu baridi imepungua. Kula vizuri.

Mjukuu wako


30 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Flashi imefika. Karani wa posta aliitikisa bahasha sikioni akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya kiburi.

Nimefanya kama ulivyosema, hatua kwa hatua, na kitabu chako nimekisoma chote mara mbili. Una mwandiko mbaya hata kwenye kompyuta. Folda imenakiliwa. Nilipobofya lile jina, kioo kikaniletea kibao kinachosema kwamba programu hii haiendani na kompyuta yangu, niwaone walioitengeneza. Sasa mimi niwaonee wapi? Nakuona wewe.

Ama kuhusu lori, mwambie baba yako lije na mchanga. Uani kuna shimo linalotaka kujazwa. Kama linakuja tupu ili liondoke na mimi, dereva atakuwa amechoma mafuta ya bure. Nyumba hii mimi na mume wetu tuliijenga tukiwa tunalala chumba kimoja kisicho na dari, na huyo anayetaka kuipangisha alitambaa kwenye sakafu yake ya udongo. Mpangaji wake ni mimi.

Paka mmoja nimempa fundi redio. Watatu wamebaki.

Mkubwa wako


12 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Kosa ni langu. Kompyuta yako ni ya kizazi cha biti thelathini na mbili, nami nilikutumia kompaila ya biti sitini na nne, nikidhani kila mtu amekwisha kuhama. Flashi ya pili hii hapa, na humo kuna ya kizazi chako. Ya kwanza ibaki nayo.

Ukishanakili, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Ukiita kompaila, kompyuta itakuambia haiijui amri hiyo. Usishtuke. Kompaila itakuwa imo ndani, ila kompyuta haijaambiwa inakaa wapi. Ukurasa wa nne nimekuonyesha jinsi ya kuongeza anwani ya folda kwenye orodha ya njia inazopita kutafuta vitu. Ongeza mwishoni, usifute zilizopo. Kisha funga dirisha jeusi ulifungue upya, la sivyo itaendelea kukukana.

Kazini mambo si mabaya. Wenzangu kila wiki wananiuliza umefikia wapi. Mmoja amekupa jina la Mhandisi Mkuu.

Hukunijibu kuhusu sufuria.

Mjukuu wako


26 Aprili

Mke mwenzangu mpendwa,

Marahaba mia. Imekubali.

Kwanza ilinikana, kama ulivyosema. Kitu kimo ndani ya nyumba, na mwenye nyumba anaapa hakijui. Nilicheka, maana niliishi na mtu wa namna hiyo. Mume wetu alikuwa akisimama mbele ya chumvi akiuliza chumvi iko wapi. Nikaiandikia anwani, nikafunga dirisha, nikafungua. Nikaandika ile programu ya kwanza ya kitabu chako, nikaikabidhi kwa kompaila. Kimya. Wewe uliandika kwamba kimya ni dalili njema, lakini hukusema kwamba moyo unaruka. Nikaiendesha. Kioo kikaandika: Shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti, jirani akachungulia dirishani.

Siku chache nilikuwa malkia. Nikaanza ile programu yangu mwenyewe, na hapo ndipo tulipogombana. Nakunakilia kipande kinachogoma. Kilichobaki hakikuhusu.

int swali;
swali = 1;
while (swali <= 4) {
    uliza(swali);
    swali = swali + 1;
}

Inanijibu eti 1 haijatangazwa. Kila mstari wenye moja inarudia hayo hayo. Mimi swali nimelitangaza, yaani nimelitambulisha kwa jina kwenye mstari wa kwanza, nimefuata kitabu, lakini hii inataka nitangaze moja! Tangu dunia iumbwe moja ni moja. Nimefuta nikaandika tena, nimezima nikawasha, nimekaa nayo asubuhi nzima kwa siku kadhaa. Haibadili neno.

Baba yako alinikuta katika hali hiyo. Akavuta kiti, mara ya kwanza mwaka huu kumwona ameketi kwangu. Akasoma kioo, akanitazama, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi: "Mama, hata kuandika moja?"

Nikampa kikombe cha chai baridi. Wewe nitafutie jibu.

Mkubwa wako


6 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa ile programu ya salamu, na barua yako nimeibandika juu ya meza yangu.

Kipande chako nimekiandika kwenye kompyuta yangu kama kilivyo katika barua. Kompaila imekubali mara ya kwanza. Hakuna kosa. Nimewauliza wenzangu wote, na hakuna aliyewahi kuona kompaila ikidai kwamba namba moja haijatangazwa. Namba hazitangazwi. Haiwezekani, Bibi. Una hakika ulisoma sawasawa? Au pengine ulichonakili si kile kilichomo kwenye mashine?

Sisemi hivi kukuudhi. Lakini Baba amenisimulia siku ile, na ninawaza. Umefanya mengi tayari. Si aibu mtu kupumzika. Nyumba ya Baba ina chumba chenye jua la asubuhi, kimya, na kuna watu mchana kutwa wa kukutazama. Kompyuta inaweza kwenda na wewe.

Kama bado unataka kuendelea, nipigie kile kipande kwa taipu badala ya kalamu, nione kila herufi ilivyo. Na haya maswali manne ni ya nini?

Mjukuu wako


l4 Mei

Mjukuu wangu,

Hiki hapa, kwa mashine ile ile iliyokusomeshea baba. Vidole hivi havikuwahi kurudishiwa barua kwa kosa.

int swali;
swali = l;
while (swali <= 4) {
    uliza(swali);
    swali = swali + l;
}

Nilisoma sawasawa. Nilinakili sawasawa. Chumba chenye jua la asubuhi akalale mwenyewe, na hao watu wa kutazama mchana kutwa watafutiwe televisheni.

Nilidhani nimeomba kompaila. Kumbe umenitumia na mkalimani.

Bibi yako


28 Mei

Bibi yangu, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo, na nimepiga magoti huku naandika. Umeniita mjukuu, ukatia sahihi kama Bibi, salamu hukuleta. Nilielewa.

Karatasi yako niliitazama siku nzima nisione kitu. Kisha jicho likaenda kwenye tarehe, na kutoka kwenye tarehe likashuka hadi neno "swali". Kile kijiti cha kwenye tarehe na ile herufi ya katikati ya neno ni kitu kimoja. Nimepima kwa rula. Bibi, mashine yako haina kitufe cha moja, sivyo? Inaanzia mbili. Waliozitengeneza mashine za zamani waliona herufi l inatosha, kwa kuwa msomaji haoni tofauti. Nawe maisha yako yote ya kazi ulipotaka moja ulipiga l, bila kufikiri, kama mtu anavyopumua.

Kompyuta haitazami sura. Kwake l ni herufi, na herufi peke yake ni jina, na jina lazima litangazwe. Ilikuambia kweli. Nawe uliniambia kweli. Kwa kalamu yako vijiti viwili vinafanana, nami nilipoandika upya nikabonyeza moja yangu bila kuwaza, nikakuona wewe ndiye uliyechanganyikiwa. Kitufe cha moja kiko juu kabisa, upande wa kushoto, jirani ya mbili. Kimekuwa hapo kikikungoja.

Vidole vyako havikusahau kitu. Vimekumbuka kupita kiasi.

Nimempigia Baba nikamsomea haya yote. Akasema kidole ni jambo moja na jiko ni jambo lingine. Nikamwambia sitakuandikia tena maneno yake. Ndiyo, chumba chenye jua kilikuwa maneno yake. Alikuwa ananiomba tangu Machi nikulainishe, nikamkatalia, nikamkatalia, halafu siku niliyokuwa na shaka nikamkubalia. Sasa amekasirika nami. Lori linakuja mwisho wa Juni, na amesema habadilishi.

Lakini Bibi, kuhusu jiko hana kosa kuuliza. Hili silisemi kwa niaba yake. Nijibu mimi.

Mke mwenzako mdogo, kama bado naruhusiwa


2 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Inuka, magoti yatakuuma ukiwa na umri wangu. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine utaikuta hapa mezani siku utakayokuja.

Nilipoisoma barua yako niliichukua mashine ya taipu nikaitazama usoni. Haina moja. Nimekaa nayo maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuona kwamba haina moja. Kisha nikabonyeza kile kitufe cha juu kushoto, nikaiita kompaila, nayo ikanyamaza kile kimya chake kitamu. Mpaka leo vidole vinakimbilia l. Nimebandika kipande cha plasta juu ya kitufe hicho, ili kidole kikigusa plasta kijiulize kwanza. Na hilo la kukumbuka kupita kiasi nimelikata kwenye barua yako kwa mkasi, nimelibandika mlangoni, baba yako alisome kila anapoingia.

Haya, jiko. Sufuria niliiunguza. Niliunguza mbili, baba yako anaijua moja. Na bomba la uani lilimwagika siku nzima nikidhani nimelifunga, na dawa za presha kuna siku nilikunywa mara mbili na siku nyingine sikunywa kabisa. Nasahau. Nilijua kabla yenu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo. Sikukujibu kwa sababu kila niliyewahi kumwambia nimesahau kitu alianza kuongea nami polepole. Lakini nani alisema anayesahau dakika kumi zilizopita amesahau na anapotaka kuishi?

Ndiyo maana nilitaka programu. Maswali manne ni haya. Jiko umezima? Bomba umefunga? Dawa umekunywa? Mlango wa nyuma umefungwa? Sharti niende nikatazame, nirudi niandike ndiyo. Nikiandika hapana, linarudi swali lile lile, halipiti. Halinionei huruma wala halinisengenyi kwa majirani. Jibu la dawa linaandikwa pamoja na saa, ili nisinywe tena kwa wasiwasi.

Mwanangu alifika Jumamosi na lori na wapagazi wawili. Nikamkaribisha chai. Nikawasha swichi ya ukutani, na kompyuta ikaamka yenyewe pamoja na birika, maana fundi redio amenifungia vyote kwenye waya mmoja. Baba yako akaniuliza kwa ujanja: na ukisahau kuiwasha hiyo kompyuta? Nikamwambia asubuhi, mchana na jioni nakunywa chai, na katika uhai wake wote anitajie siku moja ambayo mama yake alisahau chai. Nikamketisha mbele ya kioo nikamwambia ajibu yeye.

Akajibu yote manne. Kila swali alinyanyuka akaenda kutazama, nami nikimtazama akifungua na kufunga milango. Bomba lilikuwa wazi, mke mwenzangu. Alilifunga yeye, akarudi akiwa ameloa mkono, akaandika ndiyo. Nilidhani hapo ndipo nimeshindwa. Lakini alikitazama kioo, akautazama mkono wake, wala hakusema lile neno la upole.

Kisha likaja swali la tano, nililoliongeza baada ya barua yako. Unahama?

Akaandika ndiyo. Kioo kikajibu: Hapana. Akaandika tena, kikajibu: Hapana. Akaandika kwa herufi kubwa, akabonyeza kwa nguvu ile ile aliyokuwa akibonyezea kengele za watu utotoni. Hapana.

"Mama, hii inabadilishwa wapi?" akaniuliza.

"Hapo haibadilishwi," nikamwambia. "Imekwisha kukompailiwa. Hiyo unayoona ni lugha ya mashine, hata mimi siisomi. Mtu akitaka kubadilisha jibu lazima arudi kwenye maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, na hayo hayamo humu ndani."

Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akanywa chai, safari hii ya moto. Akasema anaogopa. Nikamwambia na mimi naogopa, ila mimi naogopea nyumbani kwangu. Tumekubaliana atakuja kila Jumamosi, aketi, na atajibu maswali pamoja nami. Lori lisirudi tupu, nikawaambia wapagazi wampakilie kitanda chake cha utotoni na paka wawili.

Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa. Ndani ya bahasha hii kuna flashi yako ya kwanza, ile iliyonikataa. Humo yamo maandishi yenyewe ya programu, nakala ni hiyo tu. Kwangu nimeyafuta. Mimi si mtoto, najua siku yaweza kufika. Ukija ukanikuta nakuita kwa jina la mtu mwingine, ukaniuliza mume wetu alikuwa nani nikakutazama tu, basi vuta kiti, fungua ule mstari wa swali la tano, badilisha jibu, ukompaili upya. Fanya wewe. Baba yako hapana, atafanya kwa hofu, na jirani hapana, atafanya kwa moshi. Wewe uliwahi kunitilia shaka, ukapima kwa rula, ukaona. Nakuamini kwa sababu hiyo. Sitakulaumu, maana sitakuwepo wa kulaumu.

Mpaka siku hiyo, usiiguse.

Birika limechemka, na kioo kinanisubiri. Naenda kutazama jiko, bomba, dawa na mlango. La tano nimeshalijibu.

Mke mwenzako mkubwa